Msako wa mafumbo kwa Vespa na pikipiki kongwe katika vilima vya Pemba: naomba ushauri

Mpanda Vespa wa Forodhani (swali)

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja, wa Pemba na mlioko nje.

Sisi ni watu kumi wenye vyombo vikongwe: Vespa nne, Honda 50 tatu zile zisizo na mkono wa klachi, na pikipiki tatu za Kijapani za miaka ya 1970 zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili. Hakuna hata kimoja kinachopenda kwenda zaidi ya kilomita 50 kwa saa, na wengi wetu wapandaji tumeshafika umri wa kukubaliana navyo.

Tunataka kufanya matembezi ya siku moja Pemba ambayo ndani yake mna mchezo. Kila watu wawili watapewa karatasi ya mafumbo, kila fumbo likielekeza mahali au kitu; wakikifikia, watapiga picha ya vyombo vyao karibu na kitu hicho, kisha waendelee na fumbo jingine, na jioni tukutane tuhesabu alama kwa chai na mkate wa kumimina. Wenye milima mikubwa hufanya mchezo huu kwenye njia za milimani, na huko ndiko nilikopata wazo. Sisi milima hatuna, na Unguja sehemu kubwa ni tambarare, lakini Pemba angalau ina vilima na mabonde yanayomfanya mtu abadilishe gia.

Naomba niwe mkweli kwamba mwaka jana tulijaribu hapa Unguja, kutoka Bububu kupanda Kidichi na kurudi kwa njia ya Kizimbani, na mambo hayakwenda vizuri. Tulificha makopo saba yenye vikaratasi ndani yake tangu alfajiri. Ilipofika saa nne asubuhi, matano yalikuwa yameshachukuliwa na watoto. Mmoja wao tulimkuta barabarani akivuta la kwake kwa uzi, ameshalitia magurudumu ya vifuniko vya chupa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumnyang'anya. Mwenzetu mwingine aliugeuza mchezo kuwa mbio, akateleza kwenye mchanga penye kona na kuchubuka goti.

Kwa hiyo nauliza mambo matatu. Vyombo vya umri huu vitavimudu vilima vya Pemba? Njia ipi inafaa kwa siku moja? Na mafumbo yaandikwe vipi ili mchezo usitegemee kitu kilichofichwa wala mwendo wa kasi?

Fundi wa Machomane

Waalaykum salaam ndugu yangu. Nimeshika spana hapa Chake Chake kwa miaka mingi, basi niruhusu nimalize habari ya injini kabla wenzangu hawajaingia kwenye mafumbo.

Vilima vyetu havifiki hata mita 150 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo usibabaishwe na watakaokushauri ubadilishe jeti za kabureta, yaani vile vitundu vinavyopitisha petroli. Ushauri huo ni wa watu wa milimani, ambako hewa ni nyepesi, petroli ikawa inazidi kiasi cha hewa na chombo kikakosa nguvu. Taabu ya hapa ni nyingine: vilima ni vifupi, vikali na vimefuatana, unapanda na kushuka na kupanda tena kabla mkono haujatulia. Vespa haitapata shida sana kwenye kupanda, kwa sababu ina feni yake inayopuliza silinda hata ikienda polepole. Pikipiki zako tatu za Kijapani hupozwa na upepo wa mwendo peke yake, na upepo huo haupo pale unapopanda kwa gia ya kwanza nyuma ya gari lililojaa mawe. Hizo zipumzishe kivulini kila baada ya nusu saa, hata kama mwenyewe ataona haya.

Hatari hasa iko kwenye kushuka, na hili wengi hawalijui. Katika injini ya kuchanganya mafuta, oili inayolainisha pistoni huingia pamoja na petroli, haina njia nyingine. Sasa mtu anapofika juu ya kilima hufunga mafuta kabisa, akaiacha gia imshikie chombo mpaka bondeni. Injini inazunguka kwa kasi lakini haili petroli, maana yake haipati oili. Pistoni hupata moto, hutanuka, hukamata ndani ya silinda, na gurudumu la nyuma hujifunga ghafla. Kijana mmoja aliniletea Vespa iliyomkamata namna hiyo. Nilipoifungua, pistoni ilikuwa imechanika michirizi upande mmoja kama papa aliyeparwa kwa kisu butu, na yeye mwenyewe kiwiko kilikuwa kimefungwa bendeji. Dawa yake ni nyepesi: unaposhuka, fungua mafuta kidogo mara kwa mara, na vidole viwili vikae juu ya mkono wa klachi muda wote. Ukisikia chombo kinakuwa kizito au mlio unabadilika, bana klachi papo hapo.

Kuhusu kuchanganya, acheni mtindo wa kumimina oili kwa kukisia. Vespa nyingi za miaka ya 1970 hutaka asilimia 2, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita moja ya petroli. Nunueni sirinji kubwa dukani mwa dawa, pimeni, na tikiseni dumu kabla ya kumimina. Zile za miaka ya 1950 zilihitaji zaidi ya maradufu ya hapo, basi mwenye chombo cha zamani zaidi asiige cha jirani. Na Honda 50 msizitilie mchanganyiko hata kidogo; zile zina oili yao chini ya injini, zikaguliwe kijiti tu asubuhi.

Mkishuka melini Mkoani, kabla hamjawasha, osheni vyombo kwa maji baridi ya kisima. Chumvi ya safari ya baharini haionekani siku ile, huonekana baada ya mwezi kwenye waya wa breki.

Mstaafu wa Wete

Nimesoma habari ya makopo na mtoto aliyejitengenezea gari, nikacheka peke yangu barazani. Ndugu yangu, usifiche kitu chochote. Pemba mwenyewe ameshajificha, kazi yako ni kumtegea mtu kitendawili. Sisi tumelelewa kwa "Kitendawili!" na "Tega!", na ukiyaandika mafumbo yako kwa mtindo wa kigeni wa "tafuta jengo jeupe lenye milango sita", mchezo utakufa saa ya kwanza. Fumbo zuri halikwambii uende wapi. Linakufanya usimame chini ya mwembe, uzime injini, ubishane na mwenzako, kisha mmoja wenu apige paji la uso.

Nitakupa la kuanzia, kwa kuwa jibu lake kila mtu atalijua: "Si changu wala si chako, na jina lake nimelitaja mara mbili." Hapo watakwenda Chake Chake, na picha ipigwe mbele ya ngome kongwe ambayo sasa ni makumbusho. Hili ni jepesi, liwekwe la kwanza ili hata mgeni apate moyo.

La pili ni hili: "Wake wawili, kisima kimoja, hawaonani." Hili ni la Pujini, kusini-mashariki ya Chake, kwenye magofu ya ngome ya Mkama Ndume ya karne ya 15. Wazee husimulia kwamba alikuwa na wake wawili wenye wivu, akakigawa kisima kwa ukuta ili mmoja achote kwa ndoo na kamba, na mwingine ashuke kwa ngazi, wasikutane. Aliyesimuliwa kisa hicho na bibi yake atafika moja kwa moja. Asiyesimuliwa atalazimika kumuuliza mtu. Na hapo ndipo penye utamu: ruhusu kuuliza, tena weka alama kwa anayeuliza. Ikiwa jozi imepata kisa chenyewe kutoka kwa mwenyeji, waandike kwa maneno mawili matatu nani alisimulia, kama ni mkulima, muuza mihogo au mwalimu wa skuli, bila ya jina lake, na wapewe alama ambazo aliyetazama simu hazipati. Kwa utaratibu huo mwenye Honda 50 inayokohoa anaweza kumshinda mwenye Vespa iliyong'arishwa, kwa kuwa ushindi umehama kutoka kwenye mkono wa mafuta.

Kwa upande wa kaskazini, mnara wa taa wa Ras Kigomasha, ule wa chuma uliosimamishwa mwaka 1900, unajifumba wenyewe: "Babu yangu amesimama pwani, mchana analala wima, usiku anakonyeza." Lakini usiuweke pamoja na Pujini katika siku moja. Kisiwa kina urefu wa kilomita zipatazo 67, na ukipita kwa njia zetu za kupinda, kwa vyombo hivyo, mtafika Kigomasha jua limeshakuchwa, na sala na chakula vimewapita. Chagua kusini au kaskazini. Mimi ningechagua kusini na katikati kwa mara ya kwanza: Mkoani, Chake, Pujini, kisha mpande kuelekea Wete kupitia Kidike, kijiji chenye popo wakubwa. Kutoka Mkoani mpaka Chake ni kama kilomita 30, na Chake mpaka Wete ni kiasi hicho hicho. Ukijumlisha michepuko na kupotea, siku imejaa.

Mafumbo mengine matano ninayo, lakini siyaandiki hapa kwa kuwa wapandaji wako wamo humu wanasoma. Nitakuandikia pembeni.

Binti wa Makangale

Naunga mkono aliyosema mzee wangu wa Wete, isipokuwa nina masharti mawili, na la kwanza ni la karafuu.

Najua mtashawishika. Mtu yeyote anayetunga mafumbo ya Pemba atafikia "misumari yangu haigongwi kwa nyundo", kisha ataandika kwenye karatasi kwamba kila jozi ilete kikonyo kimoja cha karafuu kama ushahidi. Tafadhali msifanye hivyo. Karafuu hapa si maua ya njiani. Huuzwa serikalini, na karafuu za magendo zimewatia watu wengi matatani. Fikirini picha yake: vyombo kumi kutoka Unguja vinarudi bandarini, na kila kimoja kina karafuu mbichi kwenye kisanduku cha mbele. Mtamweleza nani kwamba ni mchezo? Picha inatosha. Na kama ni msimu wa kuchuma, mtazikuta zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, mahali pengine mpaka lami yenyewe imepungua nusu. Tairi la chombo likipita ukingoni mwa jamvi si karafuu chache tu zilizopondeka. Ni jasho la mtu aliyepanda mti mrefu tangu asubuhi, na mara nyingi ni la mama na watoto waliokaa usiku kucha wakichambua makonyo. Shukeni gia, piteni polepole, na mkiona mtu anageuza karafuu zake kwa mguu, msalimieni.

Sharti la pili ni la kuuliza. Mzee ametaka muulize watu, nami nakubali, lakini iwe kanuni iliyoandikwa kwenye karatasi ya mchezo: asiulize mtu yeyote hali injini inanguruma. Zima, vua helmeti, toa salamu kamili, ulizia hali ya nyumbani na ya kazi, ndipo utaje fumbo lako. Napanda Honda 50 ya marehemu baba kwenda kufundisha kila siku, na ninajua jinsi inavyochukiza mtu anaposimama barabarani, mguu mmoja chini, akakupigia kelele za "Eti magofu wapi?" kama anaita daladala. Jozi itakayosimama vizuri itapewa jibu, dafu na pengine wali. Kabla ya siku yenyewe, mwenye kuandaa awaarifu masheha wa shehia mtakazopita, maana vyombo kumi vikiingia kijijini pamoja, wazee watataka kujua kuna harusi au kuna msiba.

Kuhusu wakati, msiende mwezi wa Ramadhani, msiende katika masika kuanzia Machi mpaka Mei, kwa kuwa udongo mwekundu wa njia za shamba ukilowa huteleza kama bamia. Msiichague Ijumaa vilevile. Na kwenye magofu, hakuna kuokota hata kigae cha chungu.

Swali langu la mwisho ni dogo: hilo kundi la watu kumi lina mwanamke?

Mpemba niliyeko Lushoto

Ndugu, kwa nini msilete vyombo huku Usambara mkapata milima ya kweli? Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita zipatazo 33 za kona tupu, na mji wenyewe uko kwenye urefu wa mita 1,400 hivi. Kwa hali hiyo mchezo utakuwa kama ule uliouona wa wenzenu wa milimani, na baridi yake hamtaisahau.

Fundi wa Machomane

Ndugu wa Lushoto, unawatakia mema, lakini hujaziona Vespa zenyewe. Kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, na hizi nguvu zenyewe hazizidi nane au tisa za farasi zilipokuwa mpya. Halafu kuna kurudi: kilomita 33 za kushuka, pistoni inayodai oili, na breki za zamani za ngoma ambazo zikipata moto hazishiki tena, unabana mkono mpaka unagusa shikio na chombo kinaendelea na safari yake. Vilima vyetu vina rehema moja, kwamba kabla breki hazijachoka umeshafika bondeni na kilima kingine kinakusimamisha chenyewe. Wajifunze hapa kwanza.

Mpanda Vespa wa Forodhani

Nimewasoma nyote kwa makini, na ahsanteni sana. Tumekutana jana usiku tukakubaliana kama ifuatavyo. Tutakwenda Jumamosi moja baada ya masika, kwa njia ya kusini na katikati aliyoieleza mzee wangu wa Wete. Mafumbo yatakuwa manane, na hakuna alama ya kufika wa kwanza. Badala yake, anayefika kituo cha mwisho kabla ya saa tisa alasiri anapunguziwa alama mbili. Mwenzetu wa goti lililochubuka ndiye aliyelipendekeza hilo, na sote tulimtazama.

Karafuu zimeondolewa kwenye orodha ya vitu vya kuchukua. Nakiri kwamba fumbo la misumari lilikuwa limeshaandikwa, neno kwa neno kama alivyolisema Binti wa Makangale, pamoja na hicho kikonyo. Litabaki kwa picha tu. Kanuni ya kuzima injini kabla ya salamu imekuwa ya kwanza juu ya karatasi. Tumependekeza pia kwamba jozi ikikutana na nyingine iliyoharibikiwa njiani na ikasimama kusaidia, ipate alama sawa na fumbo zima, kwa kuwa bila ya hivyo najua watu watapitana wakipungiana mikono.

Kuhusu swali la mwisho: kundi halina mwanamke, na nimeona haya kulijibu. Dada yangu, Honda ya marehemu baba ina umri gani?

Kuna jambo moja bado linanikera. Jozi zikifika Kidike kwenye popo, watu kumi na vyombo kumi kwa pamoja havitawashtua? Sitaki tuwe sababu ya viumbe hao kuruka mchana.

Binti wa Makangale

Honda imenizidi umri, hilo linatosha. Nitakuja, ila mwenzangu katika jozi awe anajua kunyamaza anapofikiri.

Kuhusu popo, haya ni yale makubwa ya Pemba ambayo hayapatikani porini mahali pengine popote duniani, na kuna wakati yaliwindwa mpaka yakakaribia kwisha. Wanakijiji wa Kidike wenyewe ndio wanaoyalinda, kwa hiyo mtawakuta wao kwanza, mtalipa kiingilio chao, na vyombo mtaviacha mbali, mmalizie kwa miguu. Wekeni kituo hicho kiwe cha jozi moja moja, ile iliyotangulia ikishatoka ndipo nyingine iingie. Wanaosubiri wajibu fumbo la ziada papo hapo kivulini, na fumbo lenyewe ni hili: "Wanangu wamelala vichwa chini miguu juu, na mama yao hawageuzi."

Mstaafu wa Wete

Hilo la wanangu lilikuwa mojawapo ya yale matano yangu niliyoyaficha. Sasa yamebaki manne, na wapandaji wote wameshalisoma. Mpanda Vespa, nipe siku mbili nitunge jingine.